Maswali ya Wasomaji: Udongo umeshuka chini, mbona maji bado mekundu?

Toleo lililopita niliandika kwamba udongo wa bentonaiti ukikorogwa kwenye maji yenye rangi za kemikali unaweza kuinasa ile rangi na kushuka nayo chini, basi maswali yamemiminika, mengine ya wanafunzi, mengine ya watu wanaotia rangi vitambaa kwenye karakana zao ndogo. Nimechagua machache ambayo jibu lake litawafaa na wengine. Barua nimezifupisha, naomba mniwie radhi mlioandika ndefu.

Shikamoo mwalimu. Mimi natia rangi vitambaa vya pamba kwa rangi za riaktivu, nyekundu na nyeusi. Nilisoma ushauri wako nikanunua bentonaiti nikaweka kwenye pipa la maji machafu, nikakoroga mpaka mkono ukauma. Kesho yake udongo umeshuka lakini maji ni mekundu vilevile. Nimeuziwa feki?

Marahaba dada yangu, na pole kwa mkono. Sidhani kama ni feki, huo udongo unaweza kuwa mzuri kabisa, shida ni kwamba udongo wako na rangi yako vina chaji ya aina moja kwahiyo vinasukumana hata ukoroge wiki nzima.

Ngoja nielezee taratibu maana hapa ndo wengi wanakwama. Bentonaiti kwa sehemu kubwa ni madini yanayoitwa montmoriloniti, na kwa ndani ni matabaka membamba mno yamelaliana kama kurasa za kitabu. Kwenye kila tabaka kuna nafasi ambazo ilitakiwa ikae alumini lakini imekaa magnesiamu, na kwa kuwa magnesiamu ina chaji chanya pungufu kwa moja, tabaka zima linabaki na chaji hasi ambayo haiondoki hata ubadilishe pH (kipimo cha uasidi wa maji, 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni magadi). Ili kusawazisha hiyo hali, katikati ya matabaka zinakaa ayoni, yaani chembe zenye chaji, za sodiamu au kalsiamu ambazo hazijashikwa sana, yaani zikija ayoni nyingine chanya zinazopapenda zaidi hapo, zenyewe zinatoka zinapisha. Ndo maana rangi kama methilini bluu, kristali vayoleti na malakaiti grini, ambazo zote zina chaji chanya, zinaingia humo kwa kasi ya ajabu. Montmoriloniti ina uwezo wa kubadilisha ayoni wa kama miliekwivalenti (kipimo cha wingi wa chaji inayobadilishana) 80 hadi 120 kwa kila gramu 100, wakati kaolini, ule udongo mweupe, ina 3 hadi 15 tu, na bentonaiti nzuri gramu moja inaweza kunasa miligramu 100 mpaka 300 za methilini bluu.

Sasa rangi za riaktivu ni kinyume chake. Zimewekewa vikundi vya salfoneti ili ziyeyuke vizuri kwenye maji, na hivyo vikundi vina chaji hasi. Rangi za asidi na zile wanazoita direkti ni hivyohivyo. Alafu rangi za riaktivu zina tabia ambayo wewe unaiona kila siku, kwamba sehemu ya rangi badala ya kushikana na pamba inashikana na maji, na ikishafanya hivyo haiwezi tena kukaa kwenye kitambaa, inabaki ikielea mpaka imwagwe. Hiyo ndo iliyoko kwenye pipa lako.

Kwahiyo kabla hujanunua udongo wowote jiulize rangi yangu ni chanya au hasi. Kwenye karatasi ya maelezo ya rangi utaona imeandikwa aina yake, kama ni riaktivu, asidi au direkti basi ni hasi, kama ni besiki basi ni chanya. Hilo swali moja lingewaokolea watu pesa nyingi sana, na linaniuma kuona makala zinazosifia udongo fulani kwamba unasafisha rangi asilimia karibu mia bila kusema ni rangi gani, unakuta walijaribu methilini bluu peke yake ambayo udongo wowote unaipenda.

Kwa rangi hasi unahitaji madini yenye uso chanya. Yapo ya kundi la haidrotalsaiti, ambayo matabaka yake yana chaji chanya na katikati yanashika ayoni hasi. Ukiyachoma kwa nyuzi joto 450 au 500 za Selsiasi yanapoteza maji na kaboneti iliyomo, na ukiyarudisha kwenye maji ya rangi yanajijenga upya matabaka yake huku yakivuta rangi ndani. Lakini kwako wewe kuna kikwazo, magadi soda unayotumia kushikisha rangi kwenye pamba yanaacha kaboneti nyingi majini, na haidrotalsaiti inapenda kaboneti kuliko inavyopenda rangi, kwahiyo nafasi zote zitajaa kaboneti na rangi itabaki nje. Inabidi kwanza utie asidi uifukuze kaboneti itoke kama hewa, hapo ndo uweke madini.

Kuna pia oksaidi za chuma kama getaiti na hematiti, na alumina. Hizi uso wake unageuka chaji kufuatana na pH, chini ya takriban 7 hadi 9 unakuwa chanya, juu ya hapo unakuwa hasi. Maji yako ya magadi yako kwenye pH 10 na kitu hadi 11, kwahiyo ukizitupia humo bila kushusha pH hupati kitu.

Njia ambayo mimi ningeanza nayo nikiwa kwenye nafasi yako ni ya chokaa na chumvi ya magnesiamu, kwa sababu inapenda hiyohiyo pH ya juu ambayo tayari unayo. Chokaa inaishusha kaboneti chini, alafu juu ya pH 10.5 magnesiamu inaganda kuwa haidroksaidi, ambayo ni sawa na yale madini ya brusaiti, na uso wake unabaki chanya hata kwenye hiyo pH. Inashuka kama mawingu meupe ikiwa imebeba rangi. Jaribu kwanza kwenye chupa ya lita moja, vaa glavu na miwani maana chokaa inaunguza, na kabla hujamwaga yale maji ya juu uyashushe pH irudi karibu na 7.

Mwalimu, tunafanya projekti ya shule. Tumeweka udongo kwenye maji ya methilini bluu, maji yamekuwa meupe lakini udongo uliozama una rangi ya zambarau sio bluu. Wenzangu wanasema tumechafua sampuli. Ni kweli?

Hamjachafua kitu mdogo wangu, mmeona jambo zuri sana, liandikeni kwenye ripoti.

Methilini bluu, ambayo Heinrich Caro aliitengeneza mwaka 1876, molekuli yake ni bapa. Zikiwa chache kwenye maji kila moja inaelea peke yake, inakula mwanga mwekundu wenye mawimbi ya urefu wa karibu nanomita 664 (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita) na macho yenu yanaona bluu. Zikiingia kwenye udongo zinabanana sehemu ndogo, zinalaliana moja juu ya nyingine, na zikilaliana hivyo mwanga zinaokula unasogea kwenda kwenye nanomita fupi zaidi, kwenye njano na chungwa, kwahiyo mnachokiona kinaelekea zambarau. Hata bila udongo, mkiongeza methilini bluu nyingi kwenye maji zinaanza kujipanga mbilimbili na rangi inasogea kidogo.

Ningependa mfanye na hili: chukueni kaolini na bentonaiti, wekeni uzito sawa, maji sawa, rangi sawa. Angalieni ni ipi inaacha maji meupe na ni ipi inakuwa zambarau zaidi. Mtakuwa mnapima uwezo wa udongo kubadilisha ayoni kwa macho, na ujue hata kwenye maabara za ujenzi na za kuchunguza udongo methilini bluu inatumika hivyohivyo, wanaidondosha mpaka udongo ushibe, wanajua kuna udongo kiasi gani unaovimba.

Kitu kimoja tu, ule unga wa udongo mkavu msiuvute, una silika ndani yake. Uloweshwe kwanza, au mvae barakoa.

Habari kaka. Niliambiwa zeolaiti ina vitundu vingi ndani kwahiyo itanasa rangi nyingi kuliko udongo. Nimejaza kwenye bomba nimepitisha maji, mwanzo yalitoka safi baada ya muda mfupi rangi ikaanza kupita. Vitundu vimejaa haraka hivyo?

Havijajaa kaka, vingi rangi haijawahi kuingia kabisa.

Vitundu vya zeolaiti ya asili kama klinoptiloliti ni vidogo mno, karibu nanomita 0.4 hadi 0.7. Maji yanaingia, sodiamu inaingia, amonia inaingia, na ndo maana Axel Fredrik Cronstedt wa Uswidi alipochoma hayo mawe mwaka 1756 aliona yanatoa mvuke kana kwamba yanachemka, ilikuwa ni maji yanayotoka humo ndani. Lakini molekuli ya methilini bluu ina urefu wa kama nanomita 1.4, na rangi nyingi za vitambaa ni kubwa zaidi ya hapo. Kwahiyo inachonasa zeolaiti yako ni kwenye ngozi ya nje tu ya kila chembe, eneo ambalo ni dogo ukilinganisha na lile kubwa la ndani wanalotangaza kwenye mfuko.

Ukisaga chembe ziwe ndogo ngozi ya nje inaongezeka na utapata nafuu, ila bomba nalo litaanza kuziba, na kusaga kunaleta vumbi. Hapo kwenye vumbi naomba unisikilize vizuri. Kuna aina moja ya zeolaiti inaitwa erioniti ambayo ni ya nyuzinyuzi na inasababisha saratani ya utando wa mapafu, kuna vijiji vya Kapadokia huko Uturuki viliumia sana kwa sababu mawe ya pale yana hiyo kitu. Zeolaiti ya dukani isiyo na karatasi ya kuonyesha ni madini gani usiisage.

Faida ya zeolaiti ni kwamba chembe zake ni ngumu, maji yanapita vizuri. Bentonaiti ya sodiamu ukiijaza kwenye bomba inavimba inaziba kabisa, hiyo inatakiwa ikorogwe kwenye pipa kisha iachwe itulie. Kama umeshanunua zeolaiti nyingi usiitupe, itumie kwenye maji yenye amonia, hapo ndo kwake.

Mwalimu naomba kipimo. Ndoo ya lita 20 niweke udongo kiasi gani na nikoroge muda gani?

Hakuna namba moja ndugu yangu na anayekupa namba bila kujua rangi yako anakisia. Ila kuipata mwenyewe ni rahisi. Chukua chupa tano za lita moja, weka maji yako ya rangi, ya kwanza weka nusu gramu ya udongo, zingine gramu 1, 2, 3 na 5. Tikisa zote muda uleule, nusu saa mpaka saa moja inatosha kwa unga na rangi chanya, maana unasaji mwingi unatokea dakika za mwanzo (chembe kubwa ndo zinachukua masaa au hata zaidi). Acha zitulie, alafu linganisha na chupa za kipimo ambazo umetengeneza kwa kuyapunguza makali maji yako ya mwanzo kwa maji safi, nusu, robo, moja ya nane na kuendelea. Ile inayofanana na moja ya nane maana yake imebaki rangi kama asilimia 12. Taa moja, karatasi nyeupe nyuma ya chupa, inatosha kabisa kama huna spektrofotometa, ile mashine ya kupima rangi kwa mwanga.

Sasa kuna mtego kwenye namba unazosoma kwenye makala. Wakisema udongo fulani unanasa miligramu 200 kwa gramu, mara nyingi hicho ni kiwango cha juu kabisa kilichopigwa hesabu kwa fomula ya Irving Langmuir ya mwaka 1918, ambayo inachukulia kuna nafasi zenye idadi maalumu kwenye uso wa madini na zote zimeshajaa. Zinajaa zote maji yakiwa bado yana rangi nyingi. Wewe unataka maji yabaki na rangi kidogo sana, na kwenye maji yenye rangi kidogo udongo hauwezi kujaa, kwahiyo utahitaji udongo zaidi ya ile hesabu ya kugawanya tu.

Na hili wengi hawalifanyi: usimwage udongo wote kwa mara moja. Gawanya mara mbili. Chukua mfano wa hesabu, una miligramu 100 za rangi, na kijiko kimoja cha udongo kinaacha 20. Kwa hali ya kawaida ya rangi kidogo, ambapo unasaji unaenda sambamba na wingi wa rangi uliobaki majini, vijiko viwili vikiwekwa pamoja vitaacha karibu 11. Lakini ukiweka kimoja, ukaacha kitulie, ukahamishia maji kwenye ndoo nyingine alafu ukaweka cha pili kipya, zinabaki 4. Udongo uleule, pesa ileile!

Kama maji yako yana chumvi nyingi tegemea udongo utanasa pungufu rangi chanya, kwa sababu sodiamu ya chumvi inagombania nafasi zilezile. Maji yaliyobaki ya kutilia rangi na maji ya kusuuzia yasichanganywe, ya kusuuzia yana chumvi kidogo na ni rahisi kusafisha. Na udongo ukigoma kutulia, ukaelea siku nzima kama maziwa, tia shabu kidogo utashuka.

Maji yakishakuwa meupe kabisa naweza kuyanywa au kumwagilia mboga?

Hapana mama, tafadhali usifanye hivyo.

Jicho linaona rangi tu. Chumvi, soda, sabuni, na kwa baadhi ya rangi shaba au kromiamu, vyote hivyo havionekani. Halafu rangi inaweza kupotea bila kuondoka. Weka methilini bluu kwenye chupa yenye glukosi na soda kali (soda kaustiki), itulie itakuwa haina rangi, tikisa hewa iingie bluu inarudi, maana muda wote ilikuwa mle ndani ikiwa imebadilika umbo. Kwa rangi za azo, ambazo ni zaidi ya nusu ya rangi zote za viwandani, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kile kiungo cha nitrojeni mbili kinachobeba rangi kinakatika kwenye tope lisilo na hewa, maji yanakuwa meupe, lakini kwa baadhi ya rangi hizo vipande vinavyobaki ni kemikali zinazoitwa amini, kama benzidini ambayo inasababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2002 ya kuzuia kwenye nguo rangi za azo zinazoweza kutoa amini 22 zilizotajwa, kikomo kikiwa miligramu 30 kwa kilo.

Uzuri wa madini ni kwamba yanaitoa rangi majini nzima nzima bila kuikata, ila hayo maji yatumie tena kwenye kutia rangi, kusuuza mara ya kwanza, au kuosha mapipa. Kunywa na kumwagilia hapana, mpaka yapimwe maabara.

Nimefanikiwa, maji ni meupe. Sasa nina nusu pipa la tope la bluu na kijani. Nalipeleka wapi?

Swali lako nimefurahi sana kulipata maana wachache wanafika hapa, wengi wakiona maji meupe wanatupa tope shambani au pembeni ya mfereji, na mvua ikija kazi yote imepotea. Rangi haikuisha, imehamia kwenye udongo, na maji ya chumvi au ya asidi yanaweza kuitoa tena.

Kwanza tope la aina moja ya rangi likae peke yake. Likaushe juani kwenye sinia lenye kingo na paa la plastiki linaloonyesha, uzito utapungua sana. Viwandani wanaweza kulichoma kwa nyuzi 400 hadi 500, rangi inaungua na udongo unatumika tena japo kila mara unapungua nguvu, ukipita 600 au 700 matabaka yanaharibika na haunasi tena. Kuchoma huko kunatoa gesi za nitrojeni na salfa, usijaribu kwenye jiko lako. Wapo wanaolichanganya kidogokidogo kwenye udongo wa matofali ya kuchoma, na hiyo inakubalika kama tanuru lina bomba la moshi la maana na rangi zako hazina metali nzito.

Kuna pia udongo unaoshika rangi isitoke tena. Wamaya wa kale walipasha moto nili pamoja na udongo wa paligoskaiti wakapata bluu ambayo kwenye michoro ya ukutani ya Bonampak, ya karibu mwaka 790, bado inaonekana mpaka leo, na hata asidi ya nitriki haiiondoi kirahisi. Ila hiyo ni nili na huo udongo maalumu, usidhani tope lako litakuwa hivyo.

Pima. Chukua kijiko cha tope lililokauka, weka kwenye chupa ya maji safi, nyingine weka kwenye maji ya chumvi, nyingine kwenye maji yenye siki, tikisa zote na uziache mpaka kesho. Ikitoka rangi kwenye chupa yoyote, hilo tope ni taka ya kemikali, lifunge kwenye pipa lenye mfuniko, andika juu jina la rangi na tarehe, na uliza mamlaka ya mazingira ya kwenu nani ana kibali cha kulichukua. Isipotoka kabisa, bado waulize kabla hujalipeleka kwenye matofali, wakupimie metali.